Maneno Mawili katika Sheria ya Hataza ya India

Kampuni kubwa za mawakili zenye makao London, New York au Chicago hujinadi kwa vijitabu vya kuvutia. Mimi hufundisha sheria ya miliki ubunifu, na kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho huniletea vijitabu hivyo wanapokuja kuomba barua za utambulisho kwa vyuo vya ng'ambo. Sura inayohusu Asia haibadiliki sana. Huwa na picha ya majengo marefu ya Hong Kong au Singapore, orodha ya miji yenye ofisi, na ahadi kwamba mteja akifika na uvumbuzi wake Tokyo, Seoul, Shanghai au Jakarta atamkuta mtu wa kumpokea na kumlinda.

Sina ubishi na ahadi hiyo. Zaidi ya theluthi mbili ya maombi yote ya hataza duniani sasa hupelekwa katika ofisi za Asia, na China peke yake hupokea karibu nusu ya maombi ya dunia nzima. Palipo na maombi pana ada, na palipo na ada mawakili hawakosi. Wala siwalaumu vijana wetu. Mtu aliyesoma kwa mkopo wa elimu ya juu, na ambaye makato ya mkopo huo yanamsubiri katika mshahara wake wa kwanza, ana kila sababu ya kuutamani mshahara wa Hong Kong.

Kinachonisumbua ni kwamba vijana hao wakishavisoma vijitabu hivyo huamini kuwa sheria ya miliki ubunifu ya Asia hutengenezwa ndani ya ofisi zile za vioo. Huamini kuwa kwingineko, Delhi au Dodoma, watu hupokea tu kilichokwisha kuamuliwa. Historia ya miaka 50 iliyopita inaonyesha jambo tofauti, na ningependa watumishi wa umma wanaonisoma hapa walifuatilie kwa makini kuliko hata wanafunzi wangu.

Tuanze na mipaka ya kampuni hizo zenyewe. China iliziruhusu kampuni za mawakili za kigeni kufungua ofisi za uwakilishi mwaka 1992, lakini haikuziruhusu kufanya kazi ya uwakili kwa sheria ya China. Mwanasheria wa Kichina anayeajiriwa na ofisi ya namna hiyo huweka kando leseni yake ya uwakili kwa muda wote awapo pale. Kesi inapofika mahakamani Beijing, anayesimama mbele ya jaji ni wakili wa kampuni ya Kichina. India ilikuwa kali zaidi. Katika miaka ya 1990 kampuni 3 za kigeni zilifungua ofisi za mawasiliano huko. Chama cha wanasheria watetezi kiitwacho Lawyers Collective kikaenda mahakamani kupinga, na Desemba 2009 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua kwamba kutoa ushauri wa kisheria ofisini nako ni uwakili, na uwakili nchini India unamhitaji mtu aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakili ya 1961. Mahakama ya Juu ilishikilia msimamo huo Machi 2018, ikiacha nafasi finyu: wakili mgeni anaweza kuruka kuja, kumshauri mteja wake kwa muda mfupi, kisha kuruka kurudi kwao. Mwaka 2023 Baraza la Mawakili la India lilianza kulegeza masharti, ila mahakama zilibaki zimefungwa kwa wageni.

Kwa hiyo, kampuni ya kimataifa katika Asia kwa sehemu kubwa ni mratibu. Humchagua wakili wa mahali, hupanga mbinu ya kesi, husoma rasimu usiku wa manane, kisha huandika ankara. Ni kazi ya ujuzi mkubwa, na mara nyingine ni kazi ya haki. Nitoe mfano mmoja. Nchini China haki ya alama ya biashara humwendea kwa kawaida aliyewahi kusajili, si aliyewahi kutumia. Kampuni moja ya viatu na mavazi ya michezo ilisajili jina la Michael Jordan kwa namna Wachina wanavyolitamka na kuliandika, ikalifanyia biashara kwa miaka mingi. Jordan alianza kudai jina lake mwaka 2012, akashindwa ngazi baada ya ngazi, hadi Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Watu ilipomrudishia jina hilo kwa herufi za Kichina, huku ikikataa dai lake juu ya jina hilohilo lilipoandikwa kwa herufi za Kilatini. Tajiri mkubwa kiasi hicho alitoka na nusu ya alichokidai. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetengenezesha bidhaa zake Guangzhou kwa jina alilolisajili Dar es Salaam pekee na alipime jambo hilo mwenyewe. Usajili wa kwetu haumlindi kule, na mtu mwingine akiwahi kulisajili jina hilo China anaweza hata kuuzuia mzigo kwenye forodha ya kule kabla haujapakiwa melini.

Hayo ni ya majina. Ya dawa ni mazito zaidi, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

India iliyopata uhuru mwaka 1947 ilirithi sheria ya hataza ya Waingereza. Hataza, kwa wasiozoea neno hili, ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Serikali ilimteua Jaji N. Rajagopala Ayyangar kuichunguza sheria hiyo, naye akatoa ripoti mwaka 1959. Ripoti hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Hataza ya 1970. Kwa dawa na vyakula, sheria hii ililinda njia ya kutengenezea tu, haikulinda kitu chenyewe. Mkemia wa Bombay aliyegundua njia nyingine ya kufikia dawa ileile alikuwa huru kuitengeneza na kuiuza. Wahindi wakajifunza kazi hiyo kwa miaka 30 na zaidi.

Matunda yake tuliyaona sisi. Mwanzoni mwa mwaka 2001 mchanganyiko wa dawa 3 za kufubaza virusi vya UKIMWI uliuzwa na kampuni za nchi tajiri kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari mwaka huo Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla alitangaza kuuuza kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Msomaji mwenye umri wangu anakumbuka mazishi ya miaka ile, na anakumbuka jinsi yalivyopungua baadaye. Zilihitajika fedha za wafadhili, wauguzi na ujasiri wa wagonjwa wenyewe, lakini bila vidonge vya bei ile fedha hizo zisingefika mbali. Na vidonge vile viliwezekana kwa sababu ya sheria iliyoandikwa Delhi mwaka 1970.

Kisha ukaja Mkataba wa TRIPS, sehemu ya makubaliano yaliyotiwa saini Marrakesh Aprili 1994 na kulizaa Shirika la Biashara Duniani. Kila mwanachama alitakiwa kutoa hataza za miaka 20 kwa uvumbuzi wa kila fani, dawa zikiwamo. India ilipewa hadi Januari 2005. Siku ilipokaribia, serikali ya Manmohan Singh ilitunga amri ya dharura, lakini ilizihitaji kura za vyama vya mrengo wa kushoto ili amri hiyo iwe sheria. Vyama hivyo vikadai mabadiliko. Katika majadiliano hayo ya Machi 2005 kikakazwa kifungu cha 3(d): umbo jipya la kemikali inayojulikana tayari si uvumbuzi, isipokuwa likionyesha ufanisi mkubwa kuliko ule unaojulikana.

Umuhimu wa kifungu hiki unaonekana ukijua desturi ya kampuni za dawa. Hataza ya kwanza ikikaribia kwisha, kampuni huomba nyingine juu ya chumvi ya kemikali ileile, au fuwele yake, au kipimo chake, na miaka huongezeka. Kuyaandika maombi hayo ya pili na ya tatu kwa ustadi ni sehemu ya kazi inayozilipa vizuri ofisi za mawakili.

Sheria ileile ina kifungu cha 25(1), kisicho na umaarufu wa kile cha kwanza. Kinasema kwamba ombi la hataza likishachapishwa, na kabla hataza haijatolewa, mtu yeyote anaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Hakimtaji mshindani wa kibiashara wala mtu mwenye maslahi yaliyothibitishwa. Kinasema mtu yeyote, na maneno hayo mawili ndiyo ninayowasomea wanafunzi wangu kila mwaka.

Wa kwanza kuyatumia kwa kishindo walikuwa wagonjwa wa saratani. Novartis ya Uswisi ilikuwa imeomba hataza mjini Chennai mwaka 1998 kwa ajili ya umbo moja la fuwele la dawa ya imatinib mesylate, inayouzwa kwa jina la Glivec na kutibu aina fulani ya saratani ya damu. Bei yake nchini India ilikuwa takriban rupia 120,000 kwa mwezi, wakati dawa jeneriki zilipatikana kwa takriban rupia 10,000 au chini ya hapo. Chama cha kusaidia wagonjwa wa saratani cha Mumbai kiliweka pingamizi pamoja na watengenezaji wa dawa jeneriki, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ofisi ya hataza ikalikataa ombi. Novartis ilienda mahakamani kupinga uamuzi huo na kukipinga kifungu cha 3(d) chenyewe, ikidai kwamba kinakiuka katiba na TRIPS. Mahakama Kuu ya Madras ilitupilia mbali dai la pili mwaka 2007. Kesi ya ombi lenyewe ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Ukiuliza nani walisimama mbele ya majaji Aftab Alam na Ranjana Prakash Desai, jibu lina mafunzo yake. Novartis iliwakilishwa na mawakili wakubwa wa India, watu wa heshima na elimu ya juu kabisa. Upande wa wagonjwa alikuwapo Anand Grover wa Lawyers Collective, chama kilekile kilichozipinga ofisi za kampuni za kigeni. Na katikati alikuwapo mwalimu wa chuo kikuu, Shamnad Basheer, aliyeiomba mahakama imsikilize kama msomi asiye na mteja.

Basheer hakuwa mgeni wa ofisi za vioo. Alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya miliki ubunifu yenye jina kubwa Delhi, akasoma Oxford, kisha akarudi kufundisha Kolkata. Hakuzichukia hataza, na hakukubaliana kwa kila jambo na wanaharakati. Alichotaka ni kwamba mahakama isome neno "ufanisi" kwa uangalifu, kwa kuwa wenye fedha walikuwa na watu wa kuwasomea na umma haukuwa na mtu wa kazi hiyo. Pia alianzisha mpango wa kuwaingiza watoto wa maskini katika vyuo bora vya sheria vya India. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 43. Sikuwahi kukutana naye, ila nilikuwa msomaji wa maandishi yake, na nikiri kwamba ninapoketi kuandika makala kama hii huwa namfikiria.

Tarehe 1 Aprili 2013 hukumu ilisomwa. Mahakama ilisema kwamba kwa dawa, ufanisi ni ufanisi wa kutibu. Novartis ilikuwa imeonyesha kwamba umbo lake jipya hufyonzwa mwilini kwa asilimia 30 zaidi. Mahakama ikasema hilo peke yake halithibitishi kwamba mgonjwa anapona vizuri zaidi. Ombi likakataliwa moja kwa moja.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba Novartis ilikuwa ikiwagawia maelfu ya wagonjwa wa India dawa hiyo bure. Sidharau jambo hilo. Lakini dawa ya hisani hukaa mikononi mwa mtoaji, na mgonjwa anayeitegemea hulala kila usiku akiomba mtoaji asibadili mawazo. Na hoja kwamba kampuni zisipolindwa hazitavumbua ni hoja ya kweli, ila inahusu uvumbuzi. Kifungu cha 3(d) hakikulenga molekuli mpya.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, mtumishi wa umma alikuwa ametoa uamuzi ambao watumishi wenzake wengi duniani wangeuogopa. Machi 2012 P. H. Kurian, Mdhibiti Mkuu wa Hataza, alitoa leseni ya lazima ya kwanza ya India chini ya utaratibu mpya. Bayer iliuza dawa yake ya saratani ya ini na figo kwa takriban rupia 280,000 kwa mwezi. Kurian aliiruhusu kampuni ya Natco kuitengeneza kwa rupia 8,800 kwa mwezi, ikiilipa Bayer mrabaha wa asilimia 6. Hakuipasua sheria. Aliisoma, akakuta kwamba inamruhusu pale dawa isipopatikana kwa bei ambayo umma unaimudu, akaandika sababu zake na kutia saini. Mamlaka ya rufani iliuthibitisha uamuzi wake, ikaongeza mrabaha hadi asilimia 7. Uwezo wa namna hii umo katika sheria nyingi za nchi zetu, na kwa sehemu kubwa umelala tu vitabuni.

Kisa cha mwisho kinatugusa Waafrika zaidi. Bedaquiline ni dawa ya kifua kikuu sugu, na hataza yake kuu nchini India ilikuwa iishe Julai 2023. Kampuni ya Johnson & Johnson iliomba nyingine juu ya chumvi ya dawa hiyohiyo, ambayo ingeusogeza ulinzi hadi Desemba 2027. Mwaka 2019 wanawake wawili waliweka pingamizi: Nandita Venkatesan wa Mumbai na Phumeza Tisile wa Khayelitsha, Cape Town. Wote wawili walikuwa wameugua kifua kikuu, na wote wawili walipoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya sumu ya dawa za zamani walizotibiwa nazo. Tisile si raia wa India. Lakini sheria ilisema mtu yeyote, naye ni mtu. Machi 2023 ofisi ya hataza ililikataa ombi la kampuni.

Fikirini kilichotokea hapo. Upande mmoja kuna kampuni yenye uwezo wa kumlipa wakili yeyote katika bara lolote. Upande wa pili kuna wanawake wawili waliopoteza uwezo wa kusikia, wakisaidiwa na wanasheria wachache na shirika la madaktari. Uzito wa mizani haukutokana na ukubwa wa ofisi. Ulitokana na sentensi mbili ndani ya sheria, zilizowekwa na wabunge na waandishi wa sheria ambao wengi wetu hatujui hata majina yao.

Tusidhani kwamba ushindi huo ni wa milele. Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani hukilalamikia kifungu cha 3(d) katika ripoti zake za mwaka. Machi 2024 India ilibadili kanuni zake za hataza: sasa mwenye pingamizi hulipa ada, na mdhibiti hupima kwanza kama pingamizi linastahili kusikilizwa. Maneno "mtu yeyote" hayajafutwa, lakini karani amewekwa mlangoni. Mabadiliko ya namna hiyo hupita kimya kimya, katika gazeti la serikali, na wa kwanza kuyasoma ni zile kampuni za vijitabu.

Na kwetu? Kenya ilipata onyo mapema. Sheria yake ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia iliandikwa kwa namna ambayo dawa jeneriki halali zingeweza kuchanganywa na bandia. Watu 3 wanaoishi na virusi vya UKIMWI walienda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika vinatishia haki yao ya uhai, utu na afya. Uganda, katika Sheria yake ya Miliki ya Viwanda ya 2014, iliziondoa dawa katika orodha ya vinavyopewa hataza kwa kipindi chote ambacho nchi maskini zaidi zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani. Kipindi hicho, kwa dawa, kinaishia tarehe 1 Januari 2033. Tanzania nayo imo katika kundi la nchi hizo, na miaka iliyobaki si mingi.

Kuna mlango mwingine ambao watumishi wetu wanaujua zaidi kuliko mimi. Hataza nyingi zinazotuhusu hazianzii Dar es Salaam, huanzia Harare, katika shirika la kikanda la ARIPO. Chini ya Itifaki ya Harare, ARIPO ikikusudia kutoa hataza huziarifu nchi zilizotajwa katika ombi, na kila nchi ina miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu ndani ya mipaka yake. Nchi ikikaa kimya, hataza inapita. Miezi 6 ni muda wa kutosha kwa ofisi yenye mkemia mmoja, mwanasheria mmoja na mazoea ya kuisoma barua siku inapofika. Ni muda mfupi mno kwa ofisi ambayo barua hiyo huzunguka katika majalada matatu kabla ya kumfikia anayeielewa.

Muhula ujao nitawapa wanafunzi wa mwaka wa nne ombi moja la hataza ya dawa lililokwisha kuchapishwa, na kila kundi litaandika waraka wa kurasa zisizozidi 5, kwa Kiswahili, wa kumshauri msajili kama alikubali au alikatae. Wale wanaotaka barua za Hong Kong nitawaandikia pia, na nitawaandikia vizuri. Nitawaomba tu waweke nakala ya waraka huo ndani ya maombi yao.